Mashine ya Umeme Inapokataa Kazi: Somo la Kutafuta Kasoro kwa Mpango



Somo letu la safari hii ni juu ya jenereta ndogo ya petroli, ile inayobebwa na watu wawili, ambayo siku hizi yaonekana katika nyumba nyingi za wakulima wa karafuu. Kazi yake twaijua sote. Karafuu iliyochumwa leo haingoji. Yatupasa kuichambua jioni ile ile, makonyo yatengwe, na asubuhi majamvi yatandikwe juani. Karafuu mbichi ikilala ndani ya magunia hupata moto, ikavunda, na bei yake ikashuka. Basi taa zikizimika saa 2 ya usiku na magunia bado yamejaa, hasara huingia shambani.

Wala umeme wa waya haukosi siku yake ya kukatika. Watu wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, wala kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilipodumu karibu miezi 3, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao bara kwa kupitia chini ya bahari. Sisi wa Pemba wakati ule tulikuwa twategemea mitambo ya dizeli, na waya wetu wa baharini kutoka upande wa Tanga uliunganishwa mwaka 2010. Katika siku kama hizo, mwenye jenereta nzima hushukuru, na mwenye jenereta iliyokataa kuwaka huwa ana mzigo wa chuma tu.

Tumeona yafaa somo hili tulifundishe kwa mfano mmoja, maana mfano hukaa kichwani kuliko maneno matupu.

BARUA KUTOKA NGUJINI

Mwanachama wetu mmoja ana shemeji yake akaaye Ngujini, kule Upare ya Kaskazini. Kwa msomaji asiyekufahamu: Milima ya Upare imesimama bara, baina ya Usambara na Kilimanjaro, na msafiri wa barabara ya Tanga kwenda Moshi huiona mkono wake wa kulia. Mji wa Same uko chini ya milima hiyo, kando ya barabara. Ngujini iko mbele zaidi, katika wilaya ya Mwanga, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Same. Vilele vya Upare ya Kaskazini hupita mita 2,000 juu ya bahari. Wenyeji hulima kahawa, migomba na maharage, na tangu enzi za mababu huyakusanya maji ya milimani katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha wakayafungulia mashambani.

Mwanachama huyo alimpelekea shemeji yake jenereta iliyoandikwa wati 2,000 za kazi ya kudumu, na wati 2,200 kwa nguvu ya juu kabisa. Hapa Pemba ilifanya kazi miaka miwili bila ya lawama: iliwasha taa za kuchambulia, na mchana ikazungusha pampu ya maji. Pampu nayo ikapelekwa Ngujini pamoja na mashine.

Haukupita muda ila barua ikaja. Shemeji alieleza ya kuwa mashine huwaka kwa taabu asubuhi, hutoa moshi mweusi, na yanywa petroli kupita kiasi. Taa zawaka, lakini pampu ikiunganishwa injini huguna, taa hufifia, na swichi ya usalama hujikata. Fundi mmoja wa huko alikuwa amekwisha kumwambia ya kuwa pete za pistoni zimekwisha na injini lazima ifunguliwe yote. Gharama aliyotajiwa ilimfanya aulize kama si afadhali kuiuza mashine kama chuma chakavu.

Jibu tulilompa ndilo somo hili. Kanuni yake ni moja: usifungue kilicho ndani kabla hujamaliza kutazama kilicho nje, wala usilipie cha ghali kabla hujajaribu cha bure. Na kila mara ubadili kitu kimoja tu, kisha uijaribu mashine. Mtu akibadili plagi, petroli na oili kwa pamoja, mashine ikipona hatajua ilikuwa na maradhi gani, na siku nyingine atanunua vyote tena.

KABLA YA KUGUSA MASHINE

Kwanza, mashine isiwashwe ndani ya nyumba, ghalani, wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, akalala, na pengine asiamke. Iwekwe nje, kiasi cha mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na bomba la moshi lielekee mbali na milango. Ikiwa mvua inanyesha, ijengewe kibanda kisicho na kuta, mbali vile vile. Mtu aliyeanza kuzidiwa na moshi atolewe haraka kwenye hewa safi na apelekwe hospitali.

Pili, petroli isitiwe mashine ikiwa inazunguka au ikiwa bado ni ya moto. Izime, ingoje ipoe, ndipo utie. Sigara na kandili ziwe mbali.

Tatu, usichomeke waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili upeleke umeme nyumba nzima. Umeme huo hutoka nje kwa njia ya mita, hufika kwenye transfoma, na transfoma huugeuza kuwa wa maelfu ya volti. Fundi wa ZECO hapa visiwani, au wa TANESCO kule bara, aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa, huuawa na jenereta ya mtu asiyemjua. Anayetaka kuunganisha nyumba yake amwite fundi wa umeme aliyesajiliwa amfungie swichi ya kubadilishia, ambayo haikubali umeme wa njia mbili kwa wakati mmoja.

Nne, unapokagua, izime mashine na uvue kofia ya plagi, ili kamba ikivutwa kwa bahati mbaya injini isiwake mikononi mwako.

SEHEMU YA KWANZA: INJINI HAIWAKI

Injini ya petroli yataka vitu vitatu ili iwake: petroli safi, hewa ya kutosha, na cheche kwa wakati wake. Mashine za siku hizi zimeongezewa cha nne, nacho ni oili, kwa kuwa nyingi zina kifaa kinachokata cheche oili ikipungua.

Anza na oili, maana kuitazama hakuna gharama. Weka mashine mahali palipo sawa, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kitazame. Sharti la mahali palipo sawa ni kubwa, hasa kwa watu wa milimani. Mashine ikisimama mteremkoni oili hukimbilia upande mmoja, kifaa kile hudhani oili imekwisha, na injini hukataa kuwaka ingawa oili ipo tele. Wengi wamevuta kamba mpaka mikono ikawauma, kumbe dawa ilikuwa ni kusogeza mashine hatua mbili.

Pili, tazama petroli. Je, koki imefunguliwa? Petroli iliyokaa miezi katika tangi hupoteza nguvu yake, na ndani ya kabureta huacha utando wa kunata unaoziba vitundu vyake. Harufu yake hubadilika, ikawa kali kama ya vanishi. Kama wahofia maji, chota petroli kidogo kutoka chini ya kabureta, itie katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na utauona mstari uliogawa viwili hivyo. Petroli ya zamani imwagwe katika chombo cha chuma, isimwagwe kisimani wala mferejini, kisha tia mpya. Chini ya bakuli la kabureta mna skrubu ndogo; ukiilegeza petroli chafu hutoka bila ya kufungua kitu kingine.

Tatu, tazama hewa. Fungua kifuniko cha chujio. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa oili safi kidogo na kukamuliwa. Usilioshe kwa petroli, maana ni hatari ya moto. Chujio la karatasi halioshwi. Hugongwa polepole vumbi litoke, na likiwa limeziba hununuliwa jingine.

Hapo hapo kumbuka choki. Choki hupunguza hewa ili injini ya baridi ipate petroli nyingi ya kuanzia. Injini ikishapata moto choki hufunguliwa yote. Mwenye kuisahau nusu ya njia huilisha injini petroli nyingi kuliko hewa, nayo hutoa moshi mweusi na kulegea.

Nne, tazama cheche. Vua plagi kwa spana yake. Plagi husema habari ya injini kwa rangi yake:

Rangi ya kahawia hafifu: injini ni nzima.
Nyeusi na kavu, kama masizi ya sufuria: petroli nyingi, hewa kidogo.
Nyeusi, yenye oili ya kunata: oili inapanda juu ya pistoni.
Imelowa petroli: injini imejaa petroli, iache wazi dakika chache ikauke.
Nyeupe mno: hewa nyingi, petroli kidogo, na injini yachemka.

Safisha plagi kwa brashi ya waya, na upime mwanya wake. Katika mashine nyingi za namna hii mwanya ni milimita 0.7 hadi 0.8, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Kuijaribu cheche, rudisha plagi katika kofia yake, ishike kwa koleo yenye mpini wa mpira, chuma chake kiguse mwili wa injini mbali na tundu la plagi na mbali na tangi, kisha mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Pakiwa na petroli iliyomwagika, jaribio hili lisifanywe mpaka iwe imekauka kabisa. Hapa visiwani, hewa ya chumvi hushambulia kofia na waya wa plagi. Ukiona kutu ya kijani, isugue kabla ya kulaumu koili.

SEHEMU YA PILI: INJINI YAWAKA, KISHA YAZIMIKA AU YAHEMA

Injini ikiwaka vizuri na kuzimika baada ya dakika chache, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na mashine ikawaka tena mara moja, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Petroli haiwezi kushuka pasipo hewa ya kuchukua nafasi yake. Kisafishe.

Injini ikipanda na kushuka kama mtu anayehema, funga choki nusu. Ikitulia, maana yake ilikuwa na njaa ya petroli: kitundu cha kabureta kimeingia uchafu, au pana mahali hewa inapenya baina ya kabureta na injini. Isipotulia, tazama springi na vijiti vya gavana kama vimelegea au vimeshikwa na uchafu. Lakini skrubu ya gavana usiizungushe. Jenereta nyingi za kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiharakisha injini kwa kubahatisha, volti hupanda, na friji na televisheni ya nyumbani huungua kabla hujatambua.

SEHEMU YA TATU: INJINI YAZUNGUKA LAKINI UMEME HAKUNA

Kwanza tazama swichi ya usalama kama imejikata. Chomoa mizigo yote, irudishe, kisha jaribu balbu moja unayoijua kuwa ni nzima. Balbu ikiwaka, kasoro imo katika waya wako au katika chombo, wala haimo katika jenereta. Wengi hupeleka mashine mjini kwa gari la kukodi, na kasoro imebaki nyumbani katika waya wa kurefushia uliokatika ndani.

Balbu isipowaka, sasa ni kazi ya fundi mwenye mita ya umeme, naye atatafuta karibu volti 230. Mwanachama apaswa kujua majina ya vitu vinavyoharibika upande huo ili asidanganywe: brashi za kaboni, ambazo huisha kwa kusuguliwa, kapasita au kidhibiti cha volti, na koili zenyewe, ambazo zikiungua hutoa harufu isiyojificha. Kitu kingine ni usumaku. Mashine iliyolala muda mrefu huweza kupoteza ile sumaku kidogo inayoanzisha umeme, na fundi ajuaye huirudisha kwa betri ya volti 12 kwa muda mfupi. Mashine ya namna hiyo haikufa, imesahau tu kazi yake. Mambo haya usiyajaribu mwenyewe, kwa sababu kapasita huhifadhi umeme hata injini ikiwa imezimwa.

SEHEMU YA NNE: UMEME UPO, LAKINI NI DHAIFU

Sasa turudi Ngujini, maana hapa ndipo palipokuwa na fundisho kubwa.

Tulimwomba shemeji atazame rangi ya moshi na kipimo cha oili kabla hajakubali injini ifunguliwe. Pete za pistoni zikiisha, oili hupanda juu na kuungua, moshi ukawa wa buluu, oili ikapungua kila siku, na plagi ikawa na oili ya kunata. Kamba nayo huvutika kwa wepesi kupita desturi. Moshi wa mashine yake ulikuwa mweusi, plagi ilikuwa na masizi makavu, na oili haikupungua hata kidogo kwa wiki nzima. Dalili zote hizo zilisema jambo moja: petroli nyingi, hewa kidogo. Pete hazikuwa na hatia.

Akafuata mpango. Chujio alilikuta limejaa vumbi la barabara lililogandamana na oili. Alipoliosha, moshi ukapungua. Kisha akatazama choki. Kwa kuwa asubuhi za milimani ni za baridi na injini yachelewa kupata moto, alikuwa amezoea kuiacha nusu ili isizimike. Tulimwambia aifungue kidogo kidogo, na baada ya dakika chache iwe wazi yote. Moshi ukaondoka na petroli ikapungua matumizi. Gharama yake ilikuwa sabuni.

Lakini pampu bado iligoma, na hapa hapakuwa na kitu kibovu cha kutengeneza. Palikuwa na hesabu ya kufanya.

Hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Kila injini ivutapo pumzi hupata hewa pungufu, na penye hewa pungufu petroli haiwezi kuungua sawasawa. Watengenezaji wa injini ndogo hukadiria ya kuwa nguvu hupungua kiasi cha sehemu 3.5 katika kila 100 kwa kila mita 300 unazopanda. Tuchukue nyumba iliyo mita 1,200 juu ya bahari:

Mita 1,200 ukigawa kwa 300 ni 4.
Mara 4 ya sehemu 3.5 ni sehemu 14 katika 100.
Sehemu 14 katika 100 za wati 2,200 ni wati 308.
Zinabaki wati 1,892.

Sasa itazame pampu. Ikishazunguka yala wati 700, na mtu husema, mashine ya wati 2,000 itashindwaje na pampu ya 700? Lakini mota, wakati inapoanza kuzunguka, hutaka nguvu nyingi kuliko inapokwisha kuzunguka, na mara 3 si ajabu. Mara 3 ya 700 ni wati 2,100. Hapa Pemba mashine ilikuwa na 2,200, ikaweza kwa taabu bila ya sisi kujua kuwa ilikuwa ikitaabika. Kule juu ina 1,892. Haiwezi, hata ikiwa mpya kutoka dukani.

Shemeji alipata pampu ndogo ya wati 500, ambayo kwa hesabu ile ile yataka wati 1,500 kuanzia. Akaiwasha kwanza peke yake, ndipo akaongeza taa. Inafanya kazi, na pistoni haikuguswa.

Hesabu hii yatufaa sisi wa visiwani pia. Andika katika karatasi vyombo vyako vyote na wati zake. Chenye mota, kama pampu au friji, kizidishe mara 3 kwa wakati wa kuanza. Washa chenye mota kikubwa kwanza, kingoje kitulie, ndipo uongeze kingine. Balbu za kisasa za wati 10 hazina taabu: 20 kati yake ni wati 200 tu, na zaweza kuwaangazia wachambuzi wengi kwa usiku mzima.

KUPANDA NA KUSHUKA MLIMA

Neno moja kwa wenye jamaa milimani. Panapozidi mita 1,500, watengenezaji wengi hutaka kabureta ibadilishwe jeti, yaani kile kitundu kipimacho petroli, iwekwe ndogo zaidi ili petroli ilingane na hewa iliyopungua. Kazi hiyo yafaa ifanywe na fundi mwenye jeti halisi ya mashine hiyo. Jeti hiyo haitarudisha nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa. Yaondoa moshi na uharibifu wa petroli tu.

Na mashine iliyowekewa jeti ya mlimani isiletwe pwani ikawashwa vile vile. Hapa hewa ni nzito, na jeti ndogo itaipa petroli kidogo mno. Injini itachemka, plagi itakuwa nyeupe, na hapo ndipo pistoni itakapoharibika kweli. Basi ukinunua jenereta iliyokwisha kutumika kutoka Upare, Usambara au Kilimanjaro, uliza swali hili kabla ya kutoa fedha: je, jeti yake ni ya asili?

UTUNZAJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ya mashine mpya hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi 6, au kama kitabu chake kisemavyo. Chujio litazamwe kila saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Msimu ukiisha, funga koki na uache injini izunguke mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Tangi nalo limwagwe. Asiyependa kumwaga aiwashe kila mwezi kwa muda wa nusu saa, ikiwa na mzigo kidogo. Weka daftari dogo kando ya mashine: tarehe, saa ilizofanya kazi, oili, plagi. Fundi mwema hulipenda daftari hilo, na fundi mbaya huliogopa.

Mwite fundi bila ya kuchelewa ukiona mambo haya manne: moshi wa buluu usiokoma, mlio wa kugonga ndani ya injini, harufu ya koili kuungua, au mwili wa mashine kukupiga umeme. La mwisho likitokea, izime wala usiiwashe tena mpaka itengenezwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mashine imesimama mteremkoni na haiwaki, ingawa jana iliwaka. Utatazama nini kwanza?
2. Plagi ni nyeusi na kavu, na oili haipungui. Je, utakubali pete za pistoni zibadilishwe?
3. Injini huzimika kila baada ya dakika 5, na ukifungua tangi huwaka tena. Kasoro iko wapi?
4. Jenereta ya nguvu ya juu wati 3,000 imepelekwa mahali palipo mita 900 juu ya bahari. Itabaki na wati ngapi?
5. Kwa nini waya wa jenereta usichomekwe katika soketi ya ukutani?

Majibu: (1) Isogeze mahali palipo sawa, kisha upime oili. (2) La, tazama chujio na choki. (3) Kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi. (4) Mita 900 ni mara 3 ya 300. Mara 3 ya sehemu 3.5 ni 10.5 katika 100, yaani wati 315. Zitabaki wati 2,685. (5) Umeme hurudi katika nguzo, nao huweza kumuua fundi anayetengeneza waya.

Mwanachama aliyejibu yote matano akate ukurasa huu aubandike karibu na mashine yake. Aliyekosa mawili asome tena sehemu iliyomshinda kabla msimu haujaanza, wakati magunia bado ni matupu.